Uwiano wa Fano wa seli ya retina: chini ya 1 kwenye dirisha fupi, juu ya 1 kwenye dirisha refu. Nimekosea wapi?

Mwanafunzi wa Kisauni

Assalamu alaikum, na shikamooni wakubwa zangu.

Ninaandika tasnifu ya uzamili katika hisabati tumizi hapa Mombasa. Mada yangu ni modeli za nasibu zinazojaribu kueleza kwa nini seli ya neva ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), hata ikionyeshwa picha ileile mara nyingi, haijibu kwa namna ileile mara mbili. Sina maabara ya kurekodi neva, kwa hiyo ninatumia data zilizowekwa wazi mtandaoni: kipande cha retina ya salamanda, mnyama mdogo wa jamii ya amfibia, kililazwa juu ya sahani yenye elektrodi nyingi, kikaonyeshwa filamu moja ya mwanga unaometameta yenye urefu wa sekunde 20, na filamu hiyo ikarudiwa mara 60. Nimechagua seli moja ya ganglioni, yaani moja katika zile seli za mwisho za retina ambazo nyuzi zake hukusanyika kuwa neva ya jicho, na ninayo orodha ya nyakati za kila mpigo wake wa umeme kwa kila marudio.

Nilianza na modeli niliyofundishwa darasani, mchakato wa Poisson ambao kasi yake hupanda na kushuka kufuatana na mwanga. Katika modeli hiyo idadi ya mipigo ndani ya dirisha lolote la muda hutakiwa kuwa na varianzi (kipimo cha jinsi idadi hiyo inavyotawanyika kati ya marudio) iliyo sawa na wastani wake, dirisha liwe fupi au refu, maadamu filamu ni ileile. Uwiano wa varianzi kwa wastani, ambao huitwa uwiano wa Fano, ulipaswa basi kuwa 1 kila mahali.

Haukuwa. Seli hii hukaa kimya, hutoa kishada cha mipigo michache, kisha hunyamaza tena. Nikichukua kishada kimoja ndani ya dirisha la milisekunde 50, wastani ni mipigo 4.2 na varianzi ni 1.1, yaani uwiano wa takriban 0.26. Nikihesabu mipigo yote ya filamu nzima, wastani ni 160 na varianzi ni 420, uwiano wa takriban 2.6. Seli ni moja na data ni zilezile, lakini Poisson inakosea kwa pande mbili zinazopingana. Nilishauriwa nitumie mgawanyo wa binomia hasi, ambao huruhusu varianzi izidi wastani, lakini uwiano wake hauwezi kamwe kushuka chini ya 1. Nikauacha, nikajaribu mchakato wa gama, ambao huvipanga vipindi kati ya mipigo kwa utaratibu kuliko Poisson. Huo ukashuka vizuri, ila ukakataa kupanda.

Nimeupitia msimbo wangu mara tatu na sikuona kosa. Naomba kuelezwa: je, seli hii ni makini kuliko Poisson au ni ya kubahatisha kuliko Poisson? Na nichague modeli ipi?

Maalim wa Tudor

Wa alaikum salaam, na marahaba mwanangu. Msimbo wako sioni kama una kosa. Kosa liko katika swali la mwisho, kwa sababu linadhani kwamba seli ina kiasi kimoja cha kubahatisha ambacho kinaweza kuandikwa kwa nambari moja. Hapo una vyanzo viwili vya tofauti, kimoja kinapunguza varianzi na kingine kinaiongeza, na kila kimoja kinafanya kazi katika kipimo chake cha muda.

Tuanze na kinachopunguza. Mchakato wa Poisson ni kama matone ya mvua juu ya bati: tone lililoanguka sasa halilizuii wala haliliharakishi lile litakalofuata. Seli ya neva haiko hivyo. Ikishapiga, milango yake ya sodiamu hujifunga kwa muda mfupi, na katika muda huo haiwezi kupiga tena hata isukumwe vipi. Baada ya hapo huja kipindi kingine ambacho inaweza kupiga, lakini kwa uzito. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni feri ya Likoni kwenye gati moja. Abiria wanaweza kufika kwa fujo wanavyotaka, lakini feri moja ikishaondoka, nyingine haiondoki papo hapo kwenye gati lilelile, hivyo safari zenyewe hupangika kuliko abiria walivyopangika.

Jambo hili lina hesabu yake, nayo ni fupi. Chukua Poisson, kisha uiongezee muda wa kutoitika kabisa wa urefu T baada ya kila mpigo. Ikiwa kasi inayoonekana ni r, mkengeuko sanifu wa vipindi kati ya mipigo, ukigawanywa kwa wastani wa vipindi hivyo, huwa 1 − rT, na katika dirisha lililo refu kuliko vipindi hivyo uwiano wa Fano hukaribia mraba wake. Kwa mipigo 20 kwa sekunde na T ya milisekunde 3, unapata 0.94 mara 0.94, karibu 0.88, na mtu asiyeangalia sana atasema hii ni Poisson. Kwa mipigo 200 kwa sekunde na T ileile, unapata 0.4 mara 0.4, yaani 0.16. Seli haikubadilika; iliyobadilika ni kasi. Ndiyo maana vishada vyako, ambamo kasi hupanda ghafla, vina varianzi ndogo. Michael Berry, David Warland na Markus Meister walilionyesha hili mwaka 1997 kwa retina za salamanda na za sungura: mipigo ilikuja kwa vishada, wakati wa kuanza kishada ulirudiwa kwa usahihi wa milisekunde chache, na idadi ya mipigo ilitofautiana kidogo kuliko ambavyo Poisson ingeruhusu. Mwaka uliofuata Berry na Meister wakauhusisha usahihi huo na muda wa kutoitika wenyewe.

Nikumbushe na sakafu ambayo watu huisahau. Mipigo huhesabiwa kwa nambari kamili. Wastani wako ni 4.2, na hata seli iliyo makini kupita zote ingelazimika kutoa 4 katika baadhi ya marudio na 5 katika mengine, kwa hiyo varianzi yake haiwezi kuwa chini ya 0.2 mara 0.8, yaani 0.16. Varianzi yako ya 1.1 iko mbali na sakafu hiyo na mbali na dari ya Poisson ya 4.2.

Sasa kinachoongeza. Tuseme katika kila marudio kasi yote ya seli huzidishwa na nambari moja iliyo karibu na 1, kizidisho kinachobadilika polepole kwa sababu retina inachoka, au inauzoea mwanga, au joto la maji yanayoipitia limepanda kidogo. Varianzi ya jumla huwa ni varianzi ya ndani ya marudio, ukijumlisha mraba wa zao la wastani na mkengeuko wa kizidisho. Neno la pili hukua na mraba wa wastani, la kwanza hukua na wastani wenyewe tu. Katika dirisha dogo la kwanza ndilo linalotawala; ukilipanua dirisha, la pili hulipita.

Tuijaribu kwa nambari zako. Si kila mpigo wa filamu uko ndani ya kishada kikali, basi tukadirie kwamba uwiano wa ndani kwa filamu nzima ni 0.4. Varianzi ya ndani ni 64. Iliyobaki ni 420 kutoa 64, yaani 356, ambayo kipeuo chake cha pili ni karibu 18.9, na 18.9 kwa 160 ni takriban asilimia 12. Kizidisho kinachoyumba kwa asilimia 12 kinatosha kueleza 2.6 yako yote. Ukikirudisha kizidisho hichohicho kwenye kishada, asilimia 12 ya 4.2 ni karibu 0.5, mraba wake 0.25, na varianzi ya ndani inayobaki ni 0.85, uwiano wa 0.2. Nambari zako mbili hazipingani hata kidogo.

Binomia hasi uliyoshauriwa haikuwa ushauri wa ovyo, kwa sababu ni Poisson ambayo kizidisho chake kina mgawanyo wa gama; Robbe Goris, Anthony Movshon na Eero Simoncelli waliitumia mwaka 2014 kuigawa varianzi ya seli za njia ya kuona za nyani aina ya makaka. Lakini inadhani kwamba ndani ya marudio mambo ni Poisson, na kwenye retina dhana hiyo ndiyo inayovunjika. Gama, kwa upande wake, ina historia ndefu kwenye retina tangu Stephen Kuffler, Richard FitzHugh na Horace Barlow walipoitumia mwaka 1957 kueleza vipindi kati ya mipigo ya seli za paka, nayo haina kizidisho. Unazihitaji zote mbili ndani ya modeli moja: kumbukumbu fupi baada ya mpigo, na kizidisho kirefu juu ya marudio.

Msomaji wa Likoni

Maalim, mimi huvuka hapo kila siku na ninakubaliana na mfano wako nusu. Gati si moja, na kuna siku feri mbovu inafanya mpangilio wote uliousifu usionekane. Hata hivyo mfano huo umenikumbusha swali ambalo mwanafunzi hajalijibu. Ukizihesabu safari za Likoni kwa siku 60 bila kujua kwamba siku kumi kati ya hizo zilikuwa za mwisho wa Ramadhani, utasema idadi ya safari ni ya kubahatisha sana, kumbe ulichanganya nyakati mbili tofauti. Marudio yako 60 ya sekunde 20 ni dakika 20 yakifuatana bila pengo. Je, yalifuatana, au kati yake zilionyeshwa filamu nyingine? Na umewahi kuchora idadi ya mipigo kwa mpangilio wa marudio, kutoka la 1 hadi la 60, kabla ya kuzitia nambari zote katika kapu moja?

Daktari wa macho, Nyali

Nawasalimu nyote. Mimi si mtu wa takwimu, bali kazi yangu ya kila siku ni jicho, na ningependa kuongeza kitu ambacho hesabu ya Maalim imekipita haraka, nacho ni mahali zinapotoka tofauti hizi ndani ya retina yenyewe. Mtu akiliandika neno "kelele" kwenye modeli bila kusema imeingia kwenye tabaka gani, anaweza kupata nambari sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Chanzo cha kwanza hakiko ndani ya jicho. Mwanga huja kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, na fotoni za mwanga wa kawaida hufika kwa mtindo wa Poisson hasa. Selig Hecht, Simon Shlaer na Maurice Pirenne walikadiria mwaka 1942 kwamba mtu aliyekaa gizani huweza kuuona mmweko ambao ni fotoni 5 hadi 14 tu zilizofyonzwa na seli zenye umbo la vijiti. Katika mwanga hafifu namna hiyo, sehemu kubwa ya kubahatisha kwa jibu ni kubahatisha kwa mwanga wenyewe, na hakuna retina inayoweza kuiondoa hali hiyo. Mchana wa Mombasa ni habari nyingine: fotoni zikiwa 10,000 ndani ya kipimo kimoja, mkengeuko wake ni 100, asilimia 1 tu.

Cha pili kimo ndani ya vijiti. Molekuli ya rodopsini, ile inayonasa mwanga, inaweza kujigeuza kwa joto la mwili pekee, bila fotoni yoyote, na kijiti kikatoa ishara isiyotofautika na ile ya fotoni ya kweli. Denis Baylor, Brian Nunn na Julie Schnapf walipima mwaka 1984 katika vijiti vya nyani wakapata kwamba jambo hilo hutokea takriban mara moja katika kila sekunde 160 kwa kijiti kimoja. Inaonekana nadra mpaka ukumbuke kwamba jicho la binadamu lina vijiti vipatavyo milioni 100, ambavyo kwa kasi hiyo vitatoa ishara za uongo zaidi ya laki sita kila sekunde, huku seli za ganglioni zinazopaswa kuzichuja zikiwa kama milioni moja tu. Barlow alikuwa amedokeza tangu 1956 kwamba giza tunaloliona si giza tupu.

Cha tatu ni sinapsi, yaani maungio ya seli na seli. Koni (seli za kuonea mchana) na vijiti hupeleka habari kwa kumwaga vifuko vidogo vya glutamati, kemikali ya kupitisha ishara; seli za baipola, zilizo katikati, hufanya vivyo hivyo kwa seli za ganglioni, na umwagaji huo una bahati nasibu yake.

Cha nne, ambacho watunga modeli hukipa uzito kupita kiasi, ni utengenezaji wa mpigo wenyewe. Mwaka 1995 Zachary Mainen na Terrence Sejnowski waliingiza mkondo uleule wa umeme, wenye kupanda na kushuka, ndani ya seli za gamba la ubongo wa panya mara nyingi, na mipigo ikarudi karibu mahali palepale kila mara. Gabe Murphy na Fred Rieke walipoifuata hoja hiyo kwenye retina mwaka 2006, waliona kwamba kinachopunguza usahihi wa nyakati za mipigo ni tofauti zinazoletwa na mtandao wa seli zilizotangulia. Kwa lugha ya hospitali, mgonjwa si yule aliyelala kitandani bali ni wale waliomtuma.

Kwa hiyo, Maalim, kwa heshima yote, ninapingana nawe mahali pamoja. Modeli yako inatupa kete mwishoni kabisa, baada ya kila kitu, wakati biolojia inazitupa kete kabla ya kizingiti cha kupiga. Je, katika hesabu zenu hakuna tofauti?

Maalim wa Tudor

Ipo tofauti, Bi Daktari, na nimekubali kosa langu. Kelele iliyoingia kabla ya kizingiti hupitishwa kwenye mkunjo wa kizingiti, yaani ule unaogeuza msukumo ulioingia kuwa kasi ya mipigo, pamoja na ishara yenyewe. Pale ambapo mkunjo ni bapa, yaani seli iko kimya, kelele hiyo haionekani kabisa; pale ulipo mkali, hukuzwa; na mkunjo ukijipinda tena juu, kwa seli iliyofika kasi yake ya mwisho, hufifishwa. Uhusiano wa varianzi na wastani unapata umbo linalotegemea mkunjo, si mstari wala mraba peke yake. Mwaka 2018 Adam Charles na wenzake walichapisha modeli ambayo kelele ya kawaida ya Gauss inaongezwa ndani ya mkunjo huo, na ukitumia mkunjo wa kipeo, modeli hiyo inarudi kuwa kizidisho nilichokisema, kwa sababu kujumlisha ndani ya kipeo ni kuzidisha nje yake. Hilo ndilo linalonipa faraja kidogo: kizidisho changu hakikuwa uongo, ni hali maalumu ya jambo pana zaidi.

Lakini kwa data ya seli moja na marudio 60 sidhani kama mwanafunzi wetu ataweza kuzitenganisha. Nambari zitakubali yote mawili. Asiandike kwenye tasnifu kwamba ameonyesha kelele inatoka wapi. Aandike kwamba ameonyesha inabadilika kwa kasi gani.

Fundi wa programu, Changamwe

Ninaingilia kwa upande wa utendaji tu, kwa kuwa nimewahi kuzijenga modeli za aina hii na nikachoma usiku mwingi kwa makosa ambayo mwenzangu anaweza kuyaepuka.

Modeli utakayoijenga ni ile ya mstari jumuishi. Gawa muda kwa vipande vya milisekunde 1. Kasi ya kila kipande ni kipeo cha jumla ya vitu vitatu: filamu iliyopitishwa kwenye chujio la mwanga, mipigo ya nyuma ya seli hiyohiyo iliyopitishwa kwenye chujio la kumbukumbu, na namba moja ya kudumu kwa kila marudio, ambayo ndiyo kizidisho cha Maalim. Chujio la kumbukumbu likishuka sana katika milisekunde chache za mwanzo, hapo una muda wa kutoitika. Likibaki chini kidogo kwa makumi ya milisekunde, una ule uzito wa baadaye. Jonathan Pillow na wenzake walilitumia umbo hili mwaka 2008 kwa seli 27 za retina ya makaka, wakiongeza vichujio vya jirani kwa jirani. Ubora wake ni kwamba logi ya uwezekano wa data, yaani alama ya jinsi modeli inavyolingana na data, ina kilele kimoja tu, jambo ambalo Liam Paninski alilithibitisha mwaka 2004 kwa mikunjo ya aina fulani, kipeo kikiwemo. Kompyuta yako ya kawaida itakifikia kilele hicho bila kupotea njiani, na umeme ukikatika katikati ya hesabu unaweza kuanza upya ukaishia palepale.

Mtego wa kwanza: usiache data za kupima kwa kuchagua vipande vya nasibu kutoka ndani ya marudio yaleyale, kwani kizidisho cha marudio kitakuwa kimeshajulikana na modeli itaonekana hodari kuliko ilivyo. Acha marudio mazima pembeni, na kwa hayo tumia kizidisho kilichokadiriwa kutokana na marudio ya jirani.

Mtego wa pili ni kwamba modeli inayolingana vizuri na data inaweza kulipuka ukiiachia itoe mipigo yenyewe. Chujio la kumbukumbu likiwa na sehemu iliyo juu ya sifuri, mpigo huita mpigo, na kasi hupaa mpaka nambari zisizo na maana. Kwa hiyo toa marudio bandia 1,000, ukayahesabu kwa madirisha yaleyale uliyotumia kwa data, kuanzia milisekunde 10 hadi sekunde 20, kisha uchore uwiano wa Fano dhidi ya urefu wa dirisha, wa data na wa modeli pamoja. Mchoro huo mmoja utakuambia zaidi ya jedwali lolote la alama za ulinganifu.

Jaribio la tatu ni la kunyoosha muda, ambalo Emery Brown na wenzake walilipendekeza kwa neva mwaka 2002: ukiipima saa kwa kasi iliyotabiriwa na modeli badala ya sekunde, vipindi kati ya mipigo vinapaswa kugeuka kuwa vya Poisson yenye kasi ya 1. Kama havigeuki, angalia ni vifupi au ni virefu vilivyokosea, nawe utajua ni chujio lipi la kurekebisha.

Mwanafunzi wa Kisauni

Shikamoo tena Maalim, na ahsanteni nyote. Nimechelewa siku nne kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Nilianza na swali la msomaji wa Likoni, na nina aibu kusema kwamba sikuwa nimelichora. Marudio yalifuatana bila filamu nyingine katikati. Idadi ya mipigo iko juu katika marudio 15 ya mwanzo, inashuka, kisha inayumba taratibu kama maji ya mlango wa bahari yanayopwa na kujaa. Nilikokotoa varianzi upya kwa njia ya tofauti za marudio yanayofuatana, nusu ya wastani wa miraba ya tofauti hizo, njia ambayo John von Neumann na wenzake waliichunguza mwaka 1941 kwa ajili ya hali kama hii ya wastani unaohama. Kwa filamu nzima 420 ikashuka hadi 90, uwiano wa 0.56. Sehemu kubwa ya kile nilichokiita kubahatisha ilikuwa ni kuhama kwa polepole kwa dakika, na ni ile 90 tu inayonipasa kuieleza kwa kete. Ziada juu ya 64 ya Maalim nadhani ni kizidisho chenye kuyumba haraka, kati ya marudio moja na lingine.

Kisha nikaijenga modeli ya fundi wa Changamwe, kwanza bila kizidisho, halafu nacho. Bila kizidisho, mchoro wa Fano unafuata data vizuri mpaka kwenye dirisha la nusu sekunde hivi, halafu data inapanda na modeli inabaki chini. Nacho, mistari miwili inakwenda pamoja karibu safari nzima. Chujio la kumbukumbu linashuka sana kwa milisekunde 3 za kwanza na halirudi kwenye sifuri mpaka karibu milisekunde 20, kwa hiyo ule muda wa kutoitika kabisa peke yake usingetosha. Ni uzito wa baadaye ndio unaokipanga kishada. Ililipuka mara moja, kama nilivyoonywa, nikalazimika kukibana chujio kisivuke sifuri.

Bi Daktari, nimeifuta aya nzima iliyosema kwamba kelele ya seli hii "inatokana na utengenezaji wa mipigo". Mahali pake nimeandika kasi ya mabadiliko, kama Maalim alivyoshauri, na nimeacha mlango wazi kuhusu tabaka.

Limebaki jambo moja. Kishada cha sekunde ya 13 kinaikataa modeli: kwenye data varianzi yake ni ndogo kuliko vishada vingine vyote, wakati modeli inatabiri kubwa. Mwanga wa filamu huzima ghafla kabla yake kidogo. Ninashuku kwamba seli za amakrini, zile za ndani ya retina zinazozuia seli nyingine, zinaingiza kizuizi ambacho chujio langu moja la mwanga haliwezi kukibeba, na wiki hii nitajaribu kuweka machujio mawili, la kuwaka na la kuzima, kila moja na mkunjo wake.

Daktari wa macho, Nyali

Jaribu, lakini kabla ya kuwalaumu amakrini, angalia kama kishada hicho kimekatwa na ukingo wa dirisha lako. Kikianza milisekunde chache mapema kuliko ulivyodhani, mipigo ya kwanza itakuwa imebaki nje, na varianzi uliyoipima si ya kishada kizima.

Mwanafunzi wa Kisauni

Kimekatwa, Bi Daktari. Dirisha lilianza milisekunde 8 baada ya mpigo wa kwanza katika marudio mengi. Nimelisogeza nyuma na kishada kimeungana na wenzake. Machujio mawili nitayajaribu hata hivyo, lakini sasa si kwa sababu ya kishada hiki.